Dondoo muhimu: Kupitia kwa ndugu Kasulu na Kibondo

Mnarudi kutoka ughaibuni? Malizeni utalii kwanza: Ujiji, walikokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, na Gombe kwa boti. Mkishapanda Kasulu, ratiba ni ya wenyeji. Shangazi hataki kusikia habari za gesti.

Bebeni masweta. Juni na Julai usiku una baridi, na watoto hawaamini kwamba hii ni Kigoma ileile ya ziwani. Wafundisheni “Mwakeye”, salamu ya asubuhi ya Kiha. Asiyeweza ugali wa muhogo apewe ndizi, si biskuti za begini mbele ya bibi.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu si kivutio. Kuingia kunahitaji kibali.

Kibondo iwekeni mwisho kama mnaendelea Mwanza kupitia Nyakanazi.