Mkaa na Kisiki Kinachochipua

Ukifika wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye misitu ya miombo ambako mkaa huchomwa kwa mpango wa kijiji, usikimbilie kutazama tanuri. Tazama visiki. Miti mingi ya miombo ikikatwa haifi: mizizi hubaki hai, na mvua zikianza, kisiki huchipua vijiti vyekundu-vyekundu ubavuni. Ndiyo maana msitu huu huweza kuvunwa na ukarudi bila mtu kupanda hata mche mmoja.

Lakini haurudi hivi hivi. Katika mpango ulioanza Kilosa mwaka 2012, kijiji hutenga sehemu ya msitu wake, huigawa vitalu vya meta 50 kwa 50, kisha huvuna kimoja na kuruka kinachofuata, kama ubao wa drafti. Kitalu kilichovunwa hupumzishwa miaka 24. Kingo za mito na miteremko mikali haiguswi.

Shoka peke yake haliui kisiki. Kinachokiua ni moto wa kiangazi unaounguza machipukizi, ng'ombe wanaoyatafuna, na zaidi ya yote jembe. Pakifunguliwa shamba, visiki hung'olewa na msitu ndio umekwisha. Mara nyingi mkaa hubebeshwa lawama za jembe.

Kama wewe ni mchomaji, hasara yako kubwa iko tanurini. Kwenye tanuri la kawaida la udongo, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Acha magogo yakauke kwanza, la sivyo utachoma kuni nyingi ili kukausha kuni nyingine. Yapange yabanane, mianya ijaze vijiti, funika kwa nyasi, kisha udongo. Halafu usome moshi. Ukiwa mzito na mweupe, maji bado yanatoka. Ukigeuka mwembamba wenye ubuluu, mkaa umeiva. Ziba matundu yote. Usiku usilale fofofo: ufa mmoja tu ukiingiza hewa, asubuhi utachota majivu.

Mnunuzi wa mjini naye ana sehemu yake. Muulize muuzaji mkaa umetoka wapi na kama ulilipiwa ushuru. Wengi watakucheka, najua, lakini kijiji kinachopata fedha kutokana na miti yake kina sababu ya kutoka usiku kwenda kuzima moto msituni. Njia nyingine ni kupunguza mkaa wenyewe: Serikali ya Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kama gesi bado hujaimudu, nunua jiko banifu, loweka maharage tangu usiku, na chungu kikae na mfuniko. Ukimaliza kupika, usiache makaa yateketee bure. Yatie kwenye debe la bati nje ya nyumba, ulifunike. Kesho yatachemsha chai.