JE, FUNDI WA TOVUTI ANAHITAJI CHETI?



Siku hizi vijijini kuna swali ambalo wazazi wetu hawakuulizwa. Kijana amemaliza Kidato cha Nne, anasema: "Baba, mama, mimi nataka kuwa fundi wa tovuti." Wazazi wanatazamana. Zizini kuna ng'ombe wawili. Je, wauze mmoja walipe ada ya chuo? Au kijana ajifunze mwenyewe, ng'ombe abaki?

Wengine husema, "Bila cheti hakuna kazi." Wengine husema, "Cheti cha nini? Mambo yote yako kwenye simu." Katika somo la leo tutazipima kauli hizi mbili. Someni kwa sauti katika kikundi, kisha mjadiliane.

Kazi yenyewe ni ipi?

Tovuti ni kurasa zinazohifadhiwa katika kompyuta na kusomwa na watu popote walipo kwa njia ya intaneti. Duka huweza kuwa na tovuti, na shule pia, hata chama cha ushirika kinachouza kahawa.

Fundi wa tovuti ana vifaa vyake kama alivyo seremala. Cha kwanza ni HTML. Hii huieleza kompyuta: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa pana picha. Cha pili ni CSS. Hii hueleza rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio. Cha tatu ni JavaScript. Hii huufanya ukurasa utende kazi, kwa mfano kujumlisha bei mteja anapochagua bidhaa. Tukifananisha na nyumba, HTML ni kuta, CSS ni lipu na rangi, na JavaScript ni milango inayofunguka na kufungwa.

Vifaa hivi vyote vinatumia maneno ya Kiingereza. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Waliotangulia walisoma wapi?

Mtu aliyeanzisha utaratibu wa tovuti ni Mwingereza, Tim Berners-Lee. Alitoa pendekezo lake mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti karibu na Geneva, Uswisi. Tovuti ya kwanza ilitangazwa kwa watu mwaka 1991. Yeye alikuwa na shahada ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Oxford, aliyoipata mwaka 1976. Hakufundishwa tovuti chuoni, kwani wakati huo hazikuwapo.

Mwingine ni Matt Mullenweg wa Marekani. Shule ya sekondari aliyosoma ilikuwa ya sanaa, na huko alijifunza kupiga saksafoni. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 19, alianzisha programu ya WordPress pamoja na Mike Little wa Uingereza. Mwaka uliofuata aliacha chuo kikuu akaenda kazini. Leo tovuti nyingi sana duniani zimejengwa kwa WordPress.

Basi mmoja alikuwa na shahada, mwingine aliacha chuo. Je, tuseme chuo hakina maana? Tusiharakishe. Wote wawili walimaliza sekondari. Wote wawili waliweza kusoma maandishi magumu na kuyaelewa bila mwalimu kusimama mbele yao. Mtoto anayeacha shule Kidato cha Pili ati akajifunze tovuti anakata tawi alilokalia. Masomo mengi ya bure ya kazi hii yako kwa Kiingereza, na kazi yenyewe ina hesabu. Katika shule za serikali ada ya sekondari hailipwi: hadi Kidato cha Nne tangu mwaka 2016, na hadi Kidato cha Sita tangu mwaka 2022. Kwa hiyo swali letu ni la baada ya sekondari.

Kazi haitazami cheti

Hebu tufanye hesabu. Fundi wa kwanza anaweka picha 5 kwenye ukurasa kama zilivyotoka kwenye simu. Kila picha ina MB 4. Jumla ni 5 × 4 = MB 20. Msomaji mwenye bando la MB 100 ataufungua ukurasa huo mara 5 tu, bando limekwisha.

Fundi wa pili anazipunguza picha zilezile hadi MB 0.1 kila moja. Jumla ni 5 × 0.1 = MB 0.5. Mwenye bando lile lile ataufungua mara 200.

Ni nani kati yao mwenye cheti? Hatujui, na mwenye duka hataki kujua. Anataka wateja wake wasikimbie. Mteja mdogo atasema, "Nionyeshe kazi uliyokwisha kufanya." Hapo ndipo wanaosema cheti si kitu wanapokuwa na haki.

Tena kazi hii hubadilika. Zamani wengi walijifunza kutengeneza kurasa kwa Flash. Kampuni ya Adobe iliacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, ujuzi ule ukapoteza soko. Mwaka 2017 vivinjari vikubwa vilianza kupokea njia mpya ya kupanga ukurasa iitwayo CSS Grid. Aliyetoka chuoni mwaka 2016 ilimbidi ajifunze upya. Na sasa programu za akili bandia zinaandika ukurasa wa kawaida kwa dakika chache. Fundi anayebaki na kazi ni yule awezaye kuukagua, kuona kosa na kulisahihisha.

Lakini cheti hufungua mlango

Wanaosema bila cheti hakuna kazi nao wana hoja. Nafasi nyingi za kazi serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Tangazo hutaja kiwango cha elimu kinachotakiwa. Asiye nacho haitwi kwenye usaili, hata kama kazi anaijua barabara.

Chuo kizuri pia hufundisha yale ambayo mtu akiwa peke yake huyaruka. Mfano ni usalama. Tovuti ikipokea majina na namba za simu za watu, fundi anashika amana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023. Anayejifunza kwa video fupi fupi aghalabu hujua kupaka rangi kabla ya kujua kufunga mlango.

Tufanyeje basi?

Ushauri wetu ni huu: kijana ajaribu kwanza, ada ifuate.

1. Kwa miezi mitatu ajifunze bila malipo. freeCodeCamp, iliyoanza mwaka 2014, hutoa masomo ya bure. Gharama ni bando na muda. Simu yatosha kwa kuanzia, lakini baadaye atahitaji kompyuta. Ulizeni shuleni, maktaba au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho karibu.

2. Atengeneze tovuti moja ya kweli, ya kikundi cha akina mama au ya duka la jirani. Asiyeifikisha mwisho kazi moja ndogo, ada haitamsukuma.

3. Akiona anaipenda na anataka kuajiriwa, aende chuo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Cheti cha chuo kisichosajiliwa ni karatasi tu.

4. Akianza kujitegemea kabla ya chuo, njia haijafungwa. VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazi mtaani na kuwapa vyeti. Ulizieni kama fani hii imo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, humwezesha mtu kusoma huku akifanya kazi.

Mkiuza mali kabla ya hatua ya kwanza na ya pili, mnanunua mbuzi kwenye gunia. Mkimnyima kijana ada baada ya kuona kazi ya mikono yake, mnamfungia mlango. Fundi cherehani huanza na vitambaa chakavu ndipo apewe kitambaa cha mteja. Na huyu vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kijana amalize sekondari kwanza?
2. Ukurasa una picha 8, kila moja MB 3. Bando la MB 120 litaufungua mara ngapi?
3. Katika kijiji chetu ni nani angefaidika na tovuti? Ingeandikwa nini humo?
4. Tajeni kazi moja ambayo cheti ni lazima, na moja ambayo si lazima. Elezeni sababu.