Injini Ikifa: Kutengeneza au Kuuza?

Motokaa ikifa injini, mwenyewe hushikwa na haraka. Ama huiuza siku ile ile kwa bei ya vyuma vikuukuu, ama humkabidhi fundi fedha kabla ya kujua kilichoharibika.

Kwanza ugonjwa na ujulikane. Fundi achomoe kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na mara nyingi ni gasketi ya kichwa cha injini iliyoungua. Kichwa kikiwa kimepinda kwa joto, hupelekwa kwenye mashine kusawazishwa. Injini ya namna hiyo yaweza kupona. Moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua, pengine kwa kuwa ringi za pistoni zimelika. Mlio mzito wa kugonga chini ya injini ni habari mbaya zaidi.

Ndipo hesabu ifanywe. Wengi hukumbuka bei waliyonunulia, lakini fedha hizo zimekwisha kwenda. Jambo la kutazamwa ni tofauti ya bei mbili: motokaa ikiwa nzima, na ikiuzwa ilivyo. Tuseme nzima ni shilingi 400,000, na mbovu 150,000. Tofauti ni 250,000. Matengenezo ya 120,000 yafaa. Ya 300,000 ni kumtajirisha fundi tu.

Akiamua kutia injini nyingine, nambari yake lazima iandikishwe katika hati za motokaa. Akiamua kuuza, mnunuzi aambiwe ubovu wote.