Kwanza Tazama Miguu: Maswali ya Wazazi Kuhusu Watoto na Pikipiki

Kusini mwa Maniema, kati ya Kasongo, Wamaza, Kabambare na Salamabila, pikipiki ndiyo teksi, ndiyo lori, na usiku wa ugonjwa ndiyo ambulansi. Kumkataza mzazi wa huku asimpandishe mtoto kabisa ni kumwambia akae nyumbani na homa ya mwanawe. Na shule hufunguliwa Septemba, mvua zinapoanza kulainisha udongo mwekundu. Haya ni maswali ambayo wazazi huuliza zaidi.

*Mtoto apande akiwa na umri gani?* (Mama wa watoto watatu, Kasongo)

Mama, kabla ya kuhesabu miaka, tazama miguu. Pikipiki ikiwa imezimwa na imesimama imara, mkalishe mtoto nyuma. Nyayo zake zikikaa vizuri juu ya vyuma vya kukanyagia abiria, na akaweza kumshika dereva kiunoni kwa nguvu bila kukumbushwa kila mara, anaweza kuanza na safari fupi. Miguu ikining'inia, bado.

Nchi zimeweka mipaka tofauti. Tanzania inakataza pikipiki za abiria kubeba mtoto wa chini ya miaka 9. Hispania inataka miaka 12, au 7 akiendeshwa na mzazi au mlezi. Nchini Ufaransa mtoto wa chini ya miaka 5 sharti akae kwenye kiti chake chenye mikanda. Tarakimu hazilingani, lakini zote zinauliza jambo moja: je, mwili wake unaweza kujishikilia?

Ninasisitiza miguu kwa sababu kuna jeraha la mtoto wa pikipiki lisilongoja ajali. Mguu unaning'inia kando ya gurudumu la nyuma. Pikipiki inaruka shimo, mtoto anajivuta, kisigino kinaingia kwenye spoku. Gurudumu linachuna ngozi, na mara nyingine linakata ule mshipa mnene wa nyuma ya kifundo. Ngozi ya pale ina nyama chache, kidonda kinachukua wiki nyingi kupona, na mtoto anaweza kuchechemea maisha yake yote. Kandambili huzidisha hatari, maana ndiyo hunasa kwanza. Mvishe viatu vilivyofungwa.

Pikipiki za TVS na Bajaji tunazopanda asili yake ni India, na sheria ya India inadai kizuizi kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo za abiria zisinase. Huku nyingi hutembea bila hicho kizuizi. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa nondo nyembamba na kipande cha bati, pande zote mbili. Kitaokoa visigino vya watoto, na vitenge na mitandio ya mama zao pia. Ningekuwa na uwezo wa kuwaomba mamotari, yaani madereva wa pikipiki za abiria, jambo moja tu, ningewaomba hili.

*Nina mtoto wa miezi 8. Nimfunge mgongoni au kifuani?* (Mama, Salamabila)

Mama yangu, sitakudanganya: mtoto wa miezi 8 hana mkao salama juu ya pikipiki. Kichwa chake ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kukimudu, na kofia ngumu ingeongeza uzito huohuo. Kama safari inaweza kungoja, au njia inatembeleka, nenda kwa miguu.

Ikiwa ni ugonjwa na huna njia nyingine, ujue unachagua kati ya mabaya mawili. Mgongoni hana kinga yoyote nyuma yake, na uso wake huuoni. Kifuani anaweza kubanwa kati yako na dereva hadi akakosa pumzi. Mimi huchagua kifuani, lakini kwa masharti: uso wake ugeukie upande, pua iwe wazi, na kati yake na mgongo wa dereva pabaki nafasi ya kiganja. Keti kwa kupanua miguu, usikae upande. Mkono mmoja umshike mtoto, wa pili ushike chuma cha nyuma. Ncha zote za kitenge zichomeke ndani, hata moja isining'inie. Gunia la mihogo libaki, litafuata kesho.

*Mume wangu humkalisha mwanetu mbele, juu ya tangi ya esansi. Anasema hapo anamwona.*

Ni kweli anamwona, na ni upendo unaomfanya amweke pale. Lakini dereva akifunga breki ghafla, tumbo la mtoto linagonga usukani na kifua cha baba kinamkandamiza kwa nyuma. Ini au wengu ukipasuka, damu humwagika ndani bila kidonda chochote nje. Tena mkono mdogo hufika kwenye mpini wa esansi na breki. Mtoto akae nyuma ya dereva. Kama bado ni mdogo, mtu mzima aketi nyuma yake awe kama ukuta, pasiwe na mzigo wala abiria mwingine, na mwendo uwe wa polepole. Hata hivyo watu watatu ni wengi kwa pikipiki, na sipendi kulisema hili kama ruhusa. Ninalisema kwa sababu mtoto wa miaka sita akiwa peke yake nyuma ya motari husinzia barabarani, na akisinzia mikono inaachia. Safari ikiwa ndefu, simameni kila nusu saa, ashuke, anywe maji.

*Kofia ngumu ya mtu mzima inamfaa mtoto?*

Haimfai. Kichwa cha mtoto wa miaka mitano kina mzingo wa sentimita 50 hivi. Kofia ya mtu mzima humfunika macho, na akianguka huchomoka. Utafiti uliojumuisha nchi nyingi ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42, lakini kofia inayochomoka haisaidii. Inayomfaa hukaa vidole viwili juu ya nyusi, na ukanda wa kidevuni unapitisha kidole kimoja tu. Mfunge, kisha umwambie atikise kichwa: ikicheza, ni kubwa. Kofia ya wajenzi si ya barabarani. Mfanyabiashara wenu akienda Bukavu au Kalemie, mwagizeni ya mtoto, tena jirani wawili wanaweza kuchanga.

*Motari hakubali kwenda polepole.* (Baba, Kabambare)

Baba, patana mwendo kabla ya kupatana bei. Kugonga kitu kwa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 3 na nusu, kama juu ya paa la nyumba. Kwa kilomita 60 ni mita 14, kama kilele cha mchikichi mrefu. Mwendo umezidi mara mbili, urefu umezidi mara nne. Mweleze motari hivyo, kwa heshima, naye ni mzazi au atakuwa. Akikataa, shuka. Na msikubali watoto wa darasa la sita wapakiwe watatu au wanne pamoja kwenda kituo cha mtihani. Afadhali watoke jana yake.

*Kwenye daraja la magogo na kwenye mto je?*

Mtoto ashuke, avuke kwa miguu akishikwa mkono, motari asukume pikipiki. Kwenye pirogi ya kuvuka Lualaba asikalishwe kamwe juu ya pikipiki: ikiinama, inamtupa majini au inazama naye.

*Ameungua kwa bomba la moshi. Tumempaka mawese.*

Mawese hufungia joto ndani ya ngozi, na dawa ya meno ni vilevile. Mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha funikeni kwa kitambaa safi. Bomba kwa kawaida liko kulia, kwa hiyo mzoesheni kupanda na kushuka kushoto.

Kuanguka ni jambo jingine. Mtoto aliyepiga kichwa anaweza kuinuka, akacheza, na saa chache baadaye akaanza kutapika, kusinzia bila kuamka vizuri, kutokwa damu au maji sikioni, au mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine. Ukiona hata moja, ni hospitali usiku huohuo. Shingo ikimuuma, asikalishwe tena kwenye pikipiki: alazwe juu ya ubao au kipoyi, mtu mmoja akishikilia kichwa kisigeuke, na wanaume wanne wambebe.