Mafindofindo na moyo wa mtoto

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 8 huumwa koo mara kwa mara. Namnunulia amoksilini duka la dawa. Akipata nafuu siku ya tatu, naweka zilizobaki. Jirani anasema nitamharibu moyo. Ni kweli?

JIBU: Jirani yako ana hoja, mama. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na amoksilini haiviui. Mtoto mwenye mafua na kikohozi kwa kawaida haihitaji kabisa. Wa kutiliwa shaka ni mwenye homa kali, mafindofindo yenye usaha na tezi za shingo zinazouma, bila kikohozi. Huyo huenda ana bakteria wa streptokokasi, ambao huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15.

Koo lenyewe hupoa hata bila dawa, na hapo ndipo wazazi hudanganyika. Wiki mbili tatu baadaye, kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria hao inaweza kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Si kila mtoto huipata, lakini kila inaporudi vali za moyo huzidi kuumia, na wengine huishia kwenye upasuaji.

Penisilini ya kawaida bado inawaua bakteria hawa. Dozi ya vidonge ni siku 10, au sindano moja ya benzathini. Hayo masalia usimpe tena. Mpeleke kituo cha afya akapimwe, moyo pia usikilizwe. Akianza kuumwa viungo kwa kuhamahama au kuhema, usingoje kupambazuke.