MDUDU MPYA WA KIBALE: JINA LINA FAIDA GANI?



Ukipita katika majani ya kando ya shamba, wadudu wadogo sana huruka mbele ya miguu yako. Ukimkaribia mmoja aliyetua juu ya jani, huenda upande upande kama kaa, halafu huruka. Huyo si panzi. Panzi hutafuna. Huyu ana mdomo kama sindano. Hudunga jani na kufyonza maji yake. Katika somo hili tutamwita mrukaji wa majani. Wataalamu wamekwisha andika aina zaidi ya 20,000 za warukaji duniani, na kazi bado haijaisha.

1. Mdudu wa Kibale

Kibale ni msitu wa hifadhi, magharibi ya Uganda. Watu wengi wanaujua kwa sababu ya sokwe wake. Mwaka 2018 mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, Dk. Alvin Helden, alipata huko mrukaji mwenye urefu wa milimita 6.5 tu. Mwili wake karibu wote ni mweusi, unang'aa kama chuma, na una vishimo vidogo vidogo. Kumbe alikuwa hajaandikwa na mtu yeyote! Mara ya mwisho mdudu wa ukoo wake kuonekana ilikuwa mwaka 1969, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Mwaka 2022 mdudu huyu alitangazwa kwa jina la Phlogis kibalensis. Jina la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Maana yake ni "wa Kibale".

2. Mdudu mpya huandikwaje?

Kumwona hakutoshi. Ziko hatua za kufuata:

(a) Mdudu hukaushwa na kuwekewa kikaratasi chenye mahali na tarehe aliyopatikana.

(b) Hutazamwa kwa darubini. Rangi peke yake hudanganya, maana warukaji wa ukoo mmoja hufanana kama punje za mtama. Kwa hiyo viungo vya uzazi vya dume hutolewa, hutazamwa na kuchorwa. Kila aina ina umbo lake. Vya mdudu wa Kibale vina sehemu yenye umbo la jani.

(c) Hulinganishwa na maandishi ya zamani, na pia na wadudu waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

(d) Sifa zake huchapishwa pamoja na jina. Mdudu mmoja huwekwa akiba awe shahidi. Mtu mwingine akidai amepata aina hiyo hiyo, atalinganisha na shahidi huyo.

3. Je, jina hujaza ghala?

Mkulima ana haki ya kuuliza hivyo. Basi tuangalie ugonjwa wa milia ya mahindi. Majani huwa na mistari myeupe au ya njano inayofuata urefu wa jani. Mche ukiugua ungali mdogo, hudumaa, na pengine usizae kabisa.

Mwaka 1901 Claude Fuller, mtaalamu huko Afrika Kusini, aliuandika ugonjwa huu akidhani ni kasoro ya udongo. Katika miaka ya 1920 mwenzake, H. H. Storey, alionyesha kwamba unaenezwa na mrukaji. Leo jina la mrukaji huyo ni Cicadulina mbila. Baadaye Storey alifanya kazi hapa kwetu Amani, katika milima ya Usambara. Mwaka 1932 alieleza jambo jingine: hata ndani ya aina hiyo moja, wako wawezao kueneza ugonjwa na wasioweza, na uwezo huo hurithiwa.

Umeona? Warukaji ni maelfu, lakini wanaoeneza milia ni aina chache tu. Kama wasingetofautishwa na kupewa majina, tungeendelea kulaumu udongo huku njaa ikiingia nyumbani. Mwenye kujua adui yake hupigana naye yeye. Asiyemjua hunyunyiza dawa ovyo, akaua hata wadudu wanaomsaidia.

Mdudu wa Kibale alipatikana msituni, wala si katika mahindi. Lakini kila anayeandikwa hutusaidia kuwatenganisha wengine. Na msitu ukifyekwa, wako watakaokwisha kabla hata ya kupata jina.

4. Tufanye nini shambani?

Panda mapema, pamoja na majirani. Mahindi yaliyochelewa hukuta warukaji wamekwisha zaana. Usipande mahindi machanga karibu na yale yenye milia. Mwulize bwana shamba mbegu zinazostahimili milia, ununue mapema kabla ya mvua.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Mrukaji wa majani na panzi wanatofautianaje katika kula?
2. Kwa nini rangi haitoshi kumtambua mdudu?
3. Je, katika kijiji chenu mahindi yenye milia huonekana zaidi katika mashamba yaliyopandwa mapema au yaliyochelewa? Nendeni mkahesabu mashina, mwandike katika daftari.