Panga kulazwa kwako ukiwa mzima

Mgonjwa wa akili wa kisiwa cha Idjwi akizidiwa, safari yake kijiji kizima huijua. Vijana wanamkamata, kamba inatafutwa, anawekwa katikati ya mtumbwi wa mota, watu wa sokoni wamesimama kumtazama. Anafika Bukavu mikono imevimba. Wiki kadhaa baadaye anarudi nyumbani ametulia, lakini ile kamba haimtoki rohoni. Usingizi ukianza kumpotea tena, anaficha jambo hilo.

Ninakuandikia wewe uliyepita hapo, pamoja na watu wa nyumbani kwako. Ipo njia nyingine: kupatana na hospitali mapema, akili zako zikiwa timamu, kwamba siku utakapohisi ugonjwa unarudi utakuja kwa miguu yako, upewe kitanda siku chache, na uondoke ukiona umepata nafuu. Huko Norway, katika eneo la Jæren, walianza utaratibu huu miaka ya 2000. Mwenye mkataba hupiga simu akaja, bila kusubiri daktari aamue kama ameumwa vya kutosha, na siku zake mara nyingi hazizidi 5. Denmark nao waliujaribu, na utafiti uliotoka 2018 haukuona kwamba kulazimishwa kwa wagonjwa kulipungua. Kwa hiyo usiutegemee kama dawa. Mimi naupenda kwa sababu unamrudishia mgonjwa neno lake.

Kwetu mkataba huu utauomba mwenyewe. Anza siku ya kwenda kuchukua dawa, iwe hospitali ya akili ya SOSAME, Bukavu, au, kwa watu wa Idjwi kaskazini wanaovukia Goma, Tulizo Letu. Nenda na mtu mmoja unayemwamini, yule ambaye ukimkasirikia bado unamsikiliza. Mwambie docta wazi: "Nikihisi vibaya nataka kuja kabla sijaharibika. Nimpigie nani? Nikikuta kitanda hakuna, nifanye nini? Ni pesa ngapi za kuingilia, na lazima nije na mlinzi wa mgonjwa?" Majibu yaandikwe kwenye fishi yako ya hospitali, maana docta wa leo huenda kesho asiwe zamu.

Kisha kaeni nyumbani na ukurasa mmoja wa daftari, muandike dalili zako. Hapa msiharakishe. "Kuchanganyikiwa" si dalili, ni jina ambalo wengine wanakupa ukiwa umekwisha kuchelewa. Andika kile kinachotangulia kwako wewe: usiku 2 bila usingizi, naanza kugawa nguo zangu, redio inanitaja jina, sili chakula alichopika mke wangu. Muulize na mama yako, kwani mara nyingi yeye aliona siku kadhaa kabla yako. Mkimaliza, nakilini mara mbili: moja ibaki kwako, moja kwa yule unayemwamini, msindikizaji wako, moja kwenye fishi.

Mtu wa kisiwani lazima aondoke mapema kuliko mtu wa Kadutu, pale Bukavu. Yule akizidiwa usiku, kukicha yuko hospitalini. Wewe unasubiri mtumbwi wa asubuhi, na ziwa likichafuka unasubiri tena. Yeye akiweza kungoja usiku wa 3, wewe funga mzigo baada ya wa 2.

Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, pamoja na pesa ya chakula, isitafutwe siku hiyo. Zamu yako ya likirimba, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu, ikifika, toa kidogo umwekee msindikizaji, na wote nyumbani wajue kwamba pesa hiyo hainunui chumvi. Mchungaji wako naye ajulishwe mapema. Aombe, tena aombe sana, lakini asikuwekee mfungo wala mkesha siku hizo, kwa sababu kukosa usingizi kunauchochea ugonjwa wenyewe.

Nanyi wauguzi, nawaomba jambo moja. Mtu akivuka ziwa akasema "naona inarudi", msimwambie arudi akizidiwa. Mkimrudisha mara moja, mara ya pili mtamwona na kamba.

Mkataba huu una mpaka. Ukiwa na mawazo ya kujiua, au sauti inakuamuru umdhuru mtu, usingoje mtumbwi wala zamu ya mtu. Saa hiyohiyo nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kuu ya Monvu, na usiachwe peke yako hata dakika moja. Panga na visu viondolewe nyumbani, na vidonge vishikwe na mwingine.

Ukitoka hospitalini, toeni ule ukurasa kabla hamjapanda mtumbwi wa kurudi. Ulikuja kwa wakati, au ulikuwa umechelewa kidogo? Kama ulichelewa, futa "usiku 2", andika "usiku 1", na ubadilishe kwenye nakala zote tatu.